Hukumu ya Kupima Vinasaba Kabla ya Kumpa Mgonjwa Dawa

Tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi wa elimu: Je, kupima vinasaba vya mtu maabara ili ijulikane kama dawa itamfaa au itamdhuru, si kudai elimu ya ghaibu?

Jawabu, na Allah (S.W.) ndiye Mjuzi zaidi, ni kwamba hilo halimo katika ghaibu. Kinachopimwa kimo mwilini tayari, na kinachosemwa juu yake ni dhana yenye nguvu iliyojengwa juu ya majaribio, kama mtu aonaye wingu jeusi akaanua nguo zake.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kimeng'enya kiitwacho G6PD, kazi yake kuzikinga chembe hizo. Wako waliozaliwa nacho kikiwa pungufu, nao ni wengi katika nchi zilizozoea malaria, pwani yetu na Omani zikiwemo. Huishi wazima bila kujua, mpaka siku wanapomeza dawa fulani, au wanapokula ful, chakula cha Wamisri, ndipo chembe zikapasuka, mkojo ukawa mweusi na macho yakageuka manjano. Sababu yake iligunduliwa Marekani mwaka 1956, baada ya wafungwa kujaribiwa dawa ya primakwini. Baadhi yao wakapungukiwa damu na wengine wakasalimika kwa kipimo kile kile. (Kuwajaribia wafungwa dawa ni mlango mwingine wa fiqhi, hatuuingii hapa.) Mwaka 2008 dawa ya malaria ya Lapdap iliondolewa sokoni kwa sababu hiyo hiyo.

Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alipotaja katika Zad al-Maad mambo yampasayo tabibu hodari kuyaangalia, alitaja nguvu za mgonjwa, mizaji yake, umri, mazoea na nchi yake. Kipimo hiki tunakiona ni njia mpya ya kuijua mizaji.

Ama dhamana, asili yake ni hadithi aliyoipokea Abu Daud, yenye maana kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana. Tabibu mjuzi aliyeruhusiwa, asipovuka mpaka wala kuzembea, hana dhamana. Je, kuacha kupima ni uzembe? Hapa panahitaji tafsili. Primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, Shirika la Afya Duniani tangu 2012 limesema haihitaji kipimo, basi mwenye kuacha hana lawama. Lakini primakwini ya siku 14, au tafenokwini, hizo kipimo chake kinajulikana kwa matabibu. Kikiwepo, daktari akakiacha kwa haraka zake na mgonjwa akadhurika, kauli ya kumdhaminisha ina nguvu kwetu.

Majibu nayo ni amana. Kasoro hii hupitia kwa mama na hudhihiri zaidi kwa wanaume, kwa hiyo karatasi ya mmoja hufichua siri za mama na ndugu zake. Wala si katika aibu walizozitaja wanazuoni, kama wazimu na ukoma, zinazompa mwenzake khiyari ya kuvunja ndoa, kwani mwenye nayo huishi kama wenzake akijiepusha na yale yanayomdhuru.