Barakoa ya mfukoni haizuii kikohozi!

Wiki hii twende Tunduma, mkoani Songwe, mji usiojua usingizi. Malori yamepanga foleni, bodaboda zinapenya katikati, wabadilisha fedha wanaita "Kwacha! Kwacha!" Hatua chache tu mbele uko Nakonde, Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, mtu huku na shangazi yake kule. Mafua nayo hayaombi pasipoti.

Basi mwaka 2020 ndipo tulipoona vituko. Aprili mwaka huo Zambia iliamuru kila mtu avae barakoa hadharani. Huku kwetu, takwimu za korona zilikoma kutangazwa muda mfupi baadaye, wagonjwa wakiwa 509, na aliyevaa barakoa mtaani alichekwa kuwa mwoga. Mei 10, Waziri wa Afya wa Zambia, Chitalu Chilufya, akatangaza kuufunga mpaka wa Nakonde, baada ya wagonjwa 76 kugundulika pale kwa mpigo. Ulipofunguliwa siku chache baadaye, ilikuwa kwa mizigo tu.

Watu waliporuhusiwa tena kupita, barakoa ikageuka kuwa tiketi. Unakaribia geti, unaichomoa mfukoni. Ukishavuka, unaishusha kidevuni. Nimemwona kwa macho yangu kijana akivua yake na kumwazima mwenzake avukie, bado ina joto la pumzi! Jamani, hiyo ni kinga au ni kugawana ugonjwa?

Tuelewane. Kile kitambaa hakivaliwi kwa ajili ya askari. Kazi yake kubwa ni kunasa matone ya mate yanayoruka ukikohoa, ukipiga chafya, hata ukibishana bei ya viatu. Kwa hiyo anayekohoa ndiye awe wa kwanza kuivaa, amlinde jirani yake. Juni 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu, nayo ifunike pua na mdomo. Kama umeshonewa na fundi, ifue kwa sabuni, ianike, na usiiazime. Kwani mswaki wako unauazima?

Februari 2021 Rais Magufuli naye alisema barakoa hazijakatazwa, ila watu wapendelee zilizotengenezwa nchini. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akazindua chanjo, na Mei 2023 Shirika la Afya likatangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Wengi wakatupa barakoa zao jalalani.

Sawa, lakini kifua kikuu hakijatangaziwa mwisho, nacho husafiri kwa hewa. Fikiria Coaster ya alfajiri kutoka Vwawa, abiria wamebanana, vioo vyote vimefungwa kwa sababu ya baridi, na mtu mmoja anakohoa mfululizo. Anayekohoa afunike mdomo, na sisi wengine tufungue dirisha hata kidogo. Baridi ya nusu saa si kitu. Na kikohozi kikifika wiki mbili, ndugu yangu, acha kutafuna tangawizi, nenda ukapimwe. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ni bure, na ukizimaliza unapona.

Mle ndani ya Coaster hakuna geti wala askari. Bibi aliyekaa pembeni yako anakutegemea wewe tu. Au nasema uongo?