Rahisi ni Ghali, Hata Ndani ya Kompyuta

Kijana mmoja wa hapa Mombasa, ambaye kwa kumsitiri hatutamtaja jina, alidunduliza kwa miaka miwili fedha alizozipata kwa kutengeneza simu. Nia yake ilikuwa kujiundia kompyuta ya kuchezea michezo, kifaa kwa kifaa, kwa mikono yake mwenyewe. Mama yake akamjazia kilichopungua kutoka katika mgao wake wa chama. Kompyuta ilipokwisha kuungwa ilimetameta taa za rangi, na majirani wakaja kuistaajabia. Katika wiki ya nne ikatoa mlio mmoja na moshi kidogo, kisha ikazimika. Fundi alipoifungua alikuta pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, kimeungua. Nacho kilikuwa kimekwenda na bodi kuu pamoja na kadi ya picha. Kifaa kilichoviua vingine ndicho kilichonunuliwa kwa bei ndogo kuliko vyote.

Hatuyaandiki haya kwa kumcheka kijana huyo. Kosa lake ni la wengi, na chanzo chake si ujinga bali ni mpangilio mbaya wa fedha: kilichoonekana kwa macho kilinunuliwa kwanza, na kilichofichika kikaachiwa makombo. Tunajua wapo wazee watakaouliza gazeti lina haja gani ya kushughulika na michezo. Jawabu letu ni kwamba fedha zile hazikuwa za mchezo. Zilikuwa jasho la kijana na akiba ya mama yake. Isitoshe, kompyuta iwezayo kuendesha michezo mizito ndiyo hiyo hiyo iwezayo kuhariri filamu na kuchora ramani za majengo, kazi ambayo kijana huyo alikwisha kuanza kujifunza.

Basi mwenye mfuko mdogo aanzie wapi? Asianzie dukani. Aketi kwanza na kalamu na karatasi, aandike michezo anayokusudia kuicheza na skrini atakayoitumia. Skrini iliyoenea, yenye nukta 1920 kwa 1080, hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Anayeinunulia skrini hiyo kadi iwezayo kutoa picha 200 kwa sekunde amelipia picha ambazo nyingi hataziona kamwe.

Akishaijua skrini, ndipo achague kadi ya picha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya mchezo hufanyika hapo. Si ajabu kadi kuchukua thuluthi moja ya fedha zote, au hata karibu nusu. Prosesa ifuate, nayo ilingane na kadi. Nguvu yake ikizidi mno ni nguvu isiyo na kazi. Kwa mfano, Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini 6, bado inatosha kwa kadi nyingi za bei ya kati. Prosesa hiyo hukaa katika bodi za soketi ya AM4, zinazotumia kumbukumbu ya DDR4, ilhali bodi za AM5, zilizotoka mwaka huo huo, hukubali DDR5 peke yake. Tofauti hii si ndogo, kwani bei za kumbukumbu zilipanda sana mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu zao katika kutimiza mahitaji ya akili mnemba. Mwenye vipande vizima vya DDR4 asivitupe. Na anayenunua, achukue vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, maana viwili humpatia prosesa njia mbili za kupitishia habari kwa wakati mmoja.

Sasa turudi kwenye kisanduku kile kilicholeta msiba. Ubavuni mwake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa: wati 600. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na jedwali lililosema kwamba waya wa volti 12 hutoa ampea 18. Waya huo ndio unaolisha kadi na prosesa. Zidisha 12 kwa 18, utapata wati 216. Kadi yake ya RX 580 peke yake imekadiriwa kula wati 185, na prosesa yake wati 65. Jumla ni 250, bado hatujahesabu feni wala diski. Kijana alikuwa akikitwisha kisanduku mzigo kisioweza kuubeba, siku hadi siku, na jibu lilikuwa limeandikwa pale pale ubavuni.

Hesabu hiyo ya darasa la tano ndiyo ngao ya mnunuzi. Asome ampea za volti 12, azidishe, kisha aache nafasi ya kutosha juu ya mahitaji yake. Nembo ya 80 Plus ni nzuri, lakini ajue kwamba hupima jinsi kifaa kisivyopoteza umeme, wala si cheti cha uimara. Na kama pawasaplai ni kuukuu iliyotoka Marekani, aitazame swichi ndogo iliyo nyuma yake. Ikiwa imewekwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wetu wa volti 240, itaungua pale pale.

Vifaa vya mitumba si haramu. Wengi wameanza na kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, nazo ni njia ya heshima. Lakini nyingine, kama vile baadhi ya OptiPlex za Dell, zina pawasaplai za umbo lao wenyewe zisizobadilishwa kwa urahisi, na zile nyembamba hazipokei kadi ndefu. Kwa hizo yafaa kadi isiyozidi wati 75, ambazo hupatikana katika soketi ya bodi yenyewe. Aina nyingi za GTX 1650 ya mwaka 2019 ni za namna hiyo. Anunue prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi za vizazi vya nyuma. Kadi kuukuu nazo zipimwe kwa mchezo mzito kwa nusu saa, mbele ya macho ya mnunuzi. Zipo zilizochimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana hadi uchimbaji wake ulipokoma Septemba 2022, na feni zake hueleza habari zake.

Kwa sisi wa pwani, kuna na joto na hewa ya chumvi. Kasha lenye matundu mengi na feni mbili za kawaida lina thamani kuliko kasha la kioo lililojaa taa na kuziba pumzi.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Muuzaji anayemwachia kijana aende na kisanduku cha wati 216 huku akimwambia ni cha 600, anajua atendalo. Tunawaomba wenye maduka waandike kipimo cha kweli katika risiti, waruhusu kifaa kijaribiwe kabla ya fedha kutoka mkononi, na wamwambie mteja waziwazi dhamana ni ya siku ngapi. Duka litendalo hivyo halitakosa wateja.

Kijana wetu ameanza kudunduliza upya. Tumeiona orodha yake mpya, imeandikwa katika daftari la shule. Kifaa cha kwanza juu kabisa ni pawasaplai, na pembeni mwake amepiga hesabu ya ampea kwa mkono wake. Taa za rangi hazimo.