Mwenzi wako anapopasuliwa kwa ugonjwa usio na jina

Malaria haipo. Taifodi haipo. Utrasaundi inaonyesha tumbo lina maji na bandama imevimba, lakini haisemi kwa nini. Mgonjwa anazidi kukonda, homa za jioni hazikatiki, na rufaa zimemtoa zahanati hadi hospitali ya wilaya, na sasa yuko Mwanza mjini. Hapo daktari anawaita mume na mke na kuwaambia kwamba anataka kufungua tumbo aangalie.

Familia nyingi huishtukia kauli hiyo kuliko hata kutajiwa ugonjwa mbaya wenye jina. "Mnapasua nini na hamjui anaumwa nini?" Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba upasuaji wa namna hii hufanywa ili kuutafuta ugonjwa. Daktari bingwa hukagua ini, bandama, utumbo na utando unaovifunika, kisha hukata kinyama. Maabara hukihifadhi kwenye dawa, hukigandisha ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba sana na kukitia rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia akisome kwa darubini.

Kwa watu wa ukanda wa ziwa, kinyama hicho kinaweza kubadili kila kitu. Kifua kikuu cha tumbo hujaza tumbo maji na kutapakaza punje ndogo nyeupe juu ya utando, hata kwa macho kikafanana na saratani iliyosambaa. Lakini TB ina dawa, kwa kawaida za miezi sita, na serikali huzitoa bila malipo. Kichocho cha tumbo nacho huanzia kwa konokono wa ziwani. Vijidudu hupenya ngozi ya anayevua, anayeoga au anayefua, hukua wakawa minyoo, na mayai yao hukwama kwenye ini. Miaka ikipita, makovu huziba njia ya damu, bandama huvimba, na mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka mtu akatapika damu. Magonjwa haya mawili yanaweza kuanza kwa dalili zilezile za uchovu na tumbo kujaa.

Wakati ugonjwa bado hauna jina, mume au mke ana kazi mbili ambazo hakuna daktari awezaye kumfanyia: kuleta ukweli wa nyumbani, na kuzuia lawama.

Leta ukweli wa nyumbani

Daktari akiuliza wodini homa ilianza lini, mgonjwa aliyechoka hujibu, "Siku nyingi." Mke aliye kando yake anaweza kusema zaidi: "Daktari, ilianza tulipomaliza kuvuna mpunga. Usiku analowa jasho mpaka nabadilisha shuka. Mkanda alikuwa anafungia tundu la pili, sasa anafungia la tano." Kwa daktari, sentensi hizo tatu zina uzito wa kipimo, maana jasho la usiku pamoja na kukonda humfanya afikirie TB na saratani za tezi.

Nunua daftari. Andika tarehe dalili zilipoanza, dawa zote alizokwisha kutumia, rangi ya choo na mkojo, na sehemu alizowahi kuishi. Mtu anaweza kuwa ni karani wa Dodoma leo, lakini kama alikulia Ukerewe akiogelea kila jioni, daktari anapaswa kulijua hilo. Mwambie kama nyumbani kuna aliyewahi kutibiwa TB. Taja presha, kisukari na dawa iliyowahi kumdhuru. Taja pia dawa za kienyeji, na kama chupa ipo, ilete. Baadhi ya mizizi na majani huongeza kutoka damu au huvuruga dawa za nusukaputi, na daktari wa usingizi hawezi kujikinga na asichokijua.

Zuia lawama

Ugonjwa usioeleweka hutafutiwa mtu wa kubebeshwa. Usukumani tunajua jambo hili lilivyogharimu maisha ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Ndani ya ndoa lawama huja kwa sauti ndogo zaidi: mawifi wanaanza kuuliza bibi harusi alileta nini, au mume anaanza kuhesabu safari za mkewe.

Mfano mmoja wanandoa wote wa kanda hii waujue. Kichocho cha mkojo, ambacho hupatikana zaidi kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, kinaweza kuacha mayai kwenye uke na mlango wa kizazi. Mwanamke hupata vidonda, uchafu, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa. Ndoa zinaweza kuvunjika hapo kwa kudhani ni ugonjwa wa zinaa, kumbe mama wa watu aliupata akichota maji. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana wanaofikia milioni 56 barani Afrika wana hali hii. Kwa hiyo, kabla majibu hayajatoka, mwenzi aseme wazi mbele ya ndugu: "Hatujui, na hatutamtuhumu mtu." Mgonjwa aliyelala kitandani akiyasikia hayo hupumua.

Siku ya upasuaji

Fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe akiwa mtu mzima na ana fahamu. Mume asisaini kwa niaba ya mke anayeweza kusema. Kaeni pamoja, mmuulize daktari: mnatarajia kuona nini, hatari kubwa ni ipi, mkikuta uvimbe mtauondoa hapohapo au mtachukua kinyama tu, na majibu yatatoka lini kwa nani?

Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa sita kabla ya nusukaputi na maji matupu saa mbili, ila fuata muda ambao wodi yako imetoa. Uji ni chakula, na chai ya maziwa pia. Msimpe hata kijiko kwa huruma, kwani akitapika akiwa usingizini matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kama damu itahitajika, ndugu wenye afya wenye miaka 18 hadi 65 na kilo zisizopungua 50 wajitokeze mapema.

Usishtuke wahudumu wakimuuliza mgonjwa mara kwa mara jina lake na upasuaji anaofanyiwa. Huo ni utaratibu wa usalama uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ulijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara hapa Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kusubiri majibu

Akitoka thieta utamkuta na dripu, mrija wa mkojo, pengine na mrija wa puani. Mshikie mto juu ya kidonda anapokohoa, na manesi wakiruhusu, msaidie kushuka kitandani na kutembea, maana kutembea hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Nesi akiuliza kama ametoa hewa, mjibuni bila aibu, kwani hiyo ni dalili kwamba utumbo umeamka.

Hospitali ya Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea rufaa kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga, kwa hiyo wauguzaji wengi wako mbali na kwao. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, ndugu wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko cha Busisi, hivyo kupokezana zamu kumekuwa rahisi zaidi. Pokezaneni. Anayeuguza bila kulala naye huangukia wodini.

Majibu ya kinyama huweza kuchukua siku au majuma. Uliza namba ya sampuli na siku ya kurudi, uandike. Wakati mwingine yatasema tu kwamba saratani haikuonekana. Hilo nalo ni jibu, na uchunguzi uendelee. Akiwa nyumbani, mrudishe hospitali upesi ukiona homa, usaha, kidonda kuachia, kutapika mfululizo, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana. Usipake kidondani kitu ambacho hospitali haikuagiza.

Kama mwenzi wako ameandikiwa upasuaji wa kuchunguzwa, anza daftari leo usiku, mliandike mkiwa wawili. Daktari ana kisu na darubini, lakini wewe ndiye uliyeishi na mgonjwa. Sema unachokijua, na usimtuhumu mtu kwa usichokijua.