Fahamu: Wagonjwa wanaposomeana michoro ya usingizi
Mashine ya kusukuma hewa puani, ambayo Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza mwaka 1981, huzuia koo lisizibe mtu alalapo, na nyingi za siku hizi hurekodi pumzi kwenye kadi ndogo, ambayo wagonjwa huifungua kwa programu ya bure iitwayo OSCAR na kuwaomba wenzao wawasomee michoro. Wengi hukodolea macho kipimo kimoja tu, yaani mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kufifia kwa sekunde 10 au zaidi, ambapo chini ya 5 ni kawaida. Lakini barakoa inayovuja huipotosha hesabu hiyo, jambo ambalo mzoefu huling'amua upesi. Kubadili mgandamizo wa hewa, hata hivyo, ni kazi ya daktari, hasa pale ambapo koo li wazi ila ubongo haukutoa amri ya kupumua.