Mkaguzi wa mazingira: Kazi ya amana ambayo wazazi wengi hatuijui

BAADA ya swala ya Ijumaa, wiki chache zilizopita, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono tukiwa bado tunatafuta viatu vyetu mlangoni mwa msikiti. Tulipokwisha kusalimiana na kujuliana hali, alisema: "Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, hebu nifahamishe. Binti yangu amemaliza shahada ya mazingira, na sasa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya serikali. Anasema atakuwa mkaguzi, na akihitajika atakwenda kwenye ajali za mafuta na kemikali. Hiyo ni kazi gani? Mimi siku zote nilidhani anasomea kupanda miti."

Ndugu msomaji, mzee huyu hayuko peke yake. Mtoto akisema anasomea udaktari, ualimu au sheria, nyumba nzima inafahamu. Akisema anasomea mazingira, tunamhurumia kimoyomoyo. Nilimwahidi mzee wangu kuwa nitamjibu kwa maandishi, ili na wengine wenye swali kama lake wanufaike.

Kwa Tanzania Bara, kazi hii ilipata meno kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004, iliyolipa nguvu mpya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lililokuwapo tangu mwaka 1983. Ndugu zetu wa Kenya walikuwa wametangulia kwa sheria yao ya mwaka 1999, na Zanzibar wakatunga sheria mpya mwaka 2015 iliyounda mamlaka yao wenyewe. Katika sheria zote hizi yupo mtu anayeitwa mkaguzi wa mazingira. Huyo ndiye anayezungumziwa na binti wa mzee wangu.

Mkaguzi ana nyuso mbili. Siku za kawaida anapita viwandani, machimboni, kwenye vituo vya mafuta, machinjioni na mahospitalini, kuangalia kama yale yaliyoahidiwa kwenye tathmini ya athari kwa mazingira yanatekelezwa. Mwenye kiwanda aliandika kuwa maji machafu yatapita kwenye mabwawa matatu kabla ya kufika mtoni. Je, mabwawa yapo? Na kama yapo, yanafanya kazi, au yamejengwa ili yapigwe picha? Mkaguzi huchota maji kwenye chupa safi, huandika mahali, saa na jina lake juu ya chupa, huifunga na kuiweka kwenye sanduku la barafu, na kila anayeipokea mpaka maabara hutia saini. Saini moja ikikosekana, wakili wa kiwanda atauliza mahakamani ni nani anayejua kuwa maji haya hayakuchotwa kwenye dimbwi la njiani, na kesi itakuwa imekwisha. Kwa hiyo usije ukamwona amebeba sanduku kama la muuza samaki ukadhani anacheza.

Akikuta makosa anaweza kutoa amri ya kurekebisha, kutoza faini, kusimamisha shughuli, au kupeleka shauri mahakamani. Anapokuwa kazini sheria inamruhusu kuingia kwenye eneo la shughuli, kuuliza nyaraka na kuchukua sampuli. Hayo ni madaraka makubwa kwa kijana wa miaka 26 mbele ya tajiri mwenye magari kumi uani.

Uso wa pili ni ule wa dharura. Simu hulia usiku: lori la mafuta limepinduka, au mtungi wa klorini unavuja kwenye mtambo wa maji, au bwawa la machimbo limebomoka. Hapo mkaguzi huungana na zimamoto, polisi, na wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Zimamoto wanazima moto na polisi wanazuia watu. Mtu wa mazingira huuliza swali jingine: kitu kilichomwagika ni nini, na kinaelekea wapi? Kuna mtaro? Mtaro unaingia mto gani? Nani anakunywa maji ya mto huo, na ataambiwa saa ngapi?

Jibu la swali la kwanza mara nyingi limebandikwa kwenye lori lenyewe. Msomaji atakuwa ameona kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ile ya chini yenye tarakimu nne ni jina la bidhaa kwa lugha ya dunia nzima: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1005 ni gesi ya amonia, 1017 ni klorini. Ile ya juu inaeleza aina ya hatari. Mtaalamu husoma namba hizo akiwa mbali, kwa darubini ikibidi, akiwa amesimama upande unakotoka upepo, mahali palipoinuka. Hakimbilii. Raia huona kama anachelewa au anaogopa, na wakati mwingine humzomea.

Sababu ya kusimama mbali ndiyo ninayotaka kila familia iijue hata kama haina mtoto wa kupeleka kwenye kazi hii. Petroli inayoungua si ule umajimaji unaouona chini. Ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi kali sana, sembuse jua la saa nne la Morogoro. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, hujaza mitaro na mashimo, na hufika kwa mtu aliyesimama mbali akidhani yuko salama. Panapokuwa na kiasi kidogo tu cha mvuke katika hewa, karibu asilimia moja na nusu, cheche yoyote yatosha: sigara, nyaya za betri, injini ya bodaboda inayowashwa na mtu anayetaka kuondoka na dumu lake. Moto hurudi mpaka kwenye chanzo kwa kasi ambayo hakuna anayeweza kuikimbia.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, mahujaji wakiwa wamesimama Arafa, lori la petroli lilipinduka Msamvu mjini Morogoro. Watu walikwenda na madumu. Waliokufa, pale pale na baadaye hospitalini, walizidi 100. Miaka kumi kabla yake, tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya kulitokea hivyo hivyo, nako walikufa zaidi ya 100. Mnamo Julai 2010 huko Sange, mashariki ya Congo, walikufa zaidi ya 200, na Septemba 2011 bomba la mafuta liliwaka katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi. Hatuwahukumu marehemu hao, na Allah (s.w.) ndiye anayejua hali zao. Wengi walikuwa watu wa kipato kidogo walioona riziki imemwagika barabarani, na wengine hawakuchota hata tone, walikuwa wapita njia.

Lakini walio hai ni lazima tuambiane. Mafuta yaliyomwagika bado yana mwenyewe. Ajali haimvui mtu umiliki wa mali yake, na kwamba yangepotea bure si ruhusa. Na hata mwenyewe angesema chukueni, Qur'ani katika Suratul Baqara inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Nimewahi kumsikia kijana akisema kuwa ajali ni qadar. Ni kweli, lakini miguu iliyokwenda na dumu ilikuwa yake. Mwongozo wanaoutumia waokoaji wa Marekani, Kanada na Meksiko unataka watu waondolewe mita 50 kila upande petroli inapomwagika tu, na mita 800 tanki likishika moto. Mita 800 ni karibu viwanja vinane vya mpira. Mwenye kusimama ng'ambo ya barabara kupiga picha yumo ndani kabisa.

Kuna madhara mengine yasiyo na moshi wala kishindo, na hapo ndipo kazi ya ukaguzi ilipo nzito zaidi kwa maoni yangu. Mjini Mombasa kuna mtaa unaoitwa Owino Uhuru. Kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2014, palikuwa na kiwanda pembeni mwa nyumba kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, ile madini laini ya kijivu. Vumbi na moshi viliingia majumbani, maji machafu yakapita uani. Risasi haina kiwango ambacho ni salama mwilini mwa mtoto. Huingia polepole, huharibu ubongo, na mzazi huona tu kuwa mtoto amekuwa mzito wa kujifunza. Wajawazito walipoteza mimba. Mama mmoja aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kuwa mwanawe ameathirika, naye akaanza kupaza sauti.

Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Angalia ni nani walioamriwa kulipa: si kiwanda peke yake. Mamlaka ya mazingira ya serikali ilikuwamo, nayo ilibebeshwa sehemu kubwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia na haikuzuia. Mkaguzi anayetia saini bila kwenda kuona, au anayeona na kunyamaza, anaweza kukaa miaka kumi bila kujua ni watoto wa nani waliolipia saini ile.

Wanazuoni wetu waliifahamu kazi ya namna hii zamani. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, alitenga mlango mzima wa kitabu chake cha hukumu za utawala kuelezea hisba na msimamizi wake, muhtasib. Kadhi hungoja mlalamikaji aje, lakini muhtasib hutoka kwenda kutazama mwenyewe. Alitakiwa kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita kiasi, kuhakikisha njia hazizibwi, na kama maji ya mji yameharibika aamuru yatengenezwe kwa fedha ya Baitul Mali. Lakini hakuruhusiwa kupeleleza yaliyofichika majumbani mwa watu. Mpaka huo unafaa kukumbukwa hata leo, maana wapo maofisa wachache wanaodhani kitambulisho ni ufunguo wa kila mlango.

Juu ya rushwa sina la kuongeza mbele ya kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akapanda mimbari na kuhoji kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Mkaguzi wa mazingira hupewa zawadi za aina hiyo kila mwezi: mafuta ya gari, futari kwa familia, ada ya mtoto, mbuzi wa Idi. Zote zinatolewa kwa tabasamu. Mzazi anayeona mbuzi ameletwa na dereva wa kiwanda asimpokee na kusema maashaallah mwanangu anapendwa. Aulize.

Nimeulizwa pia kama kazi hii inamfaa mwanamke. Zipo riwaya kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimkabidhi bibi Shifaa binti Abdillah usimamizi fulani wa soko la Madina, ingawa wanazuoni wametofautiana juu ya usahihi wake. Tuache riwaya tutazame kazi yenyewe. Anayechukua maelezo ya wanawake wa mtaa ambao mimba zao zinatoka, na kupima vumbi la jikoni mwao, ni nani aliye bora kuliko mwanamke mwenzao? Vazi la dharura linafunika mwili mzima, na kwa stara halina upungufu. Tatizo ni safari za usiku, na hilo familia na mwajiri wanaweza kulipanga mapema badala ya kulifanya sababu ya kukataa.

Kwa wenye watoto walioko sekondari, masomo yanayofungua njia ni kemia, baiolojia, jiografia na hesabu. Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo vina shahada za fani hii, na nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mshahara si wa kutajirisha mtu. Nasema hivyo ili asije akadanganyika anayevutiwa na magari ya ofisi.

Nilimsomea mzee wangu makala haya kabla sijayapeleka kwa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza jambo moja tu: lori likipinduka wakati wa Adhuhuri, na binti yuko ndani ya lile vazi asiloweza kulivua mpaka mafuta yadhibitiwe, swala yake itakuwaje? Nilimjibu kuwa wapo wanazuoni walioruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa haja kama hiyo, lakini aende kwa imamu wetu apate jibu la uhakika. Akasema atakwenda pamoja na binti mwenyewe, kabla ya siku ya usaili.