Kaa Hujengaje Gamba Lake?

Kaa wa mikoko ya Chwaka hawezi kukua ndani ya gamba gumu. Kwa hiyo hulivua. Chini yake huwa mna gamba jipya, lakini ni laini. Kaa huvuta maji mwilini, huvimba, na gamba hutanuka. Siku hizo hujificha, maana adui humla kwa urahisi.

Gamba hukazaje? Fikiri nyumba ya udongo. Fito hufungwa kwa kamba, kisha hukandikwa udongo. Gamba nalo lina nyuzi nyembamba kama fito. Protini huzifunga nyuzi hizo, tena huonyesha chokaa mahali pa kukaa. Chokaa nyingi hutokana na maji ya bahari. Protini kaa huipata katika chakula, kama vile konokono wa pwani.

Mifupa ya mtoto hujengwa vivyo hivyo: nyuzi za protini hushika madini ya kalsiamu. Usimpe mtoto chokaa, itamchoma. Mpe dagaa wazima waliotwangwa pamoja na mifupa yao. Mpe kunde na choroko pia. Mtoto akikosa lishe ya kutosha, huweza kudumaa.