Mti uliokataliwa kitaluni waweza kukuliwaza nyumbani

Ukipita kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara jijini Nairobi, utaona huko nyuma, karibu na lundo la samadi, miche isiyoulizwa na mnunuzi yeyote. Mingine imepinda, mingine imekatika kilele, na mingine imekaa ndani ya kimfuko hadi mizizi ikajizungusha kama kamba. Hiyo ndiyo hasa inayofaa kutengenezwa bonsai, yaani mti mkubwa kwa umri lakini mfupi kwa kimo, unaotunzwa ndani ya chombo kidogo. Ufundi huu ulianzia Uchina, na Wajapani wakauendeleza.

Huenda ukauliza, miti ina uhusiano gani na afya? Mnamo 1984, mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilala vyumba ambavyo dirisha lilielekea miti. Wenzao waliona ukuta wa matofali tu. Walioona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache.

Bila shaka kuona mti dirishani si sawa na kuutunza, na hakuna mti unaochukua nafasi ya tembe za shinikizo la damu. Hata hivyo, kwa mtu aishiye orofa ya nne asiye na hata futi moja ya shamba, au mstaafu ambaye mchana umekuwa mrefu, kazi hii huvipa vidole mazoezi na akili mapumziko.

Chagua mche wenye shina nene. Majani yasikusumbue, mengine yataota. Fikasi yenye majani madogo humvumilia sana anayeanza. Punguza matawi kwanza, kisha ungoje hadi mti uchipue vizuri ndipo ugeukie mizizi. Ile iliyojizungusha ikate, ila usizidishe theluthi moja kwa wakati mmoja. Wengi huua mti kwa pupa: wanakata matawi, wanakata mizizi na kufunga waya, yote siku moja! Tumia kokoto ndogo zilizochekechwa pamoja na mboji, ndani ya chombo chenye matundu. Waya ukague mara kwa mara, kwa maana hula gamba shina linaponenepa. Mti ukae roshanini penye jua la asubuhi, si juu ya televisheni.

Sasa tuje kwenye hatari, ambazo wauzaji hawazitaji. Maji yanayotuama kwenye kisahani chini ya chombo huzaa mbu aina ya Aedes, wanaouma mchana na kueneza homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013 na tena 2017. Kumwaga maji hakutoshi, kwani mayai yao hukaa pakavu kwa miezi bila kufa. Sugua kisahani kwa brashi kila wiki. Aidha, udongo na samadi hubeba viini vya pepopunda, basi vaa glavu na uhakikishe chanjo yako haijapitwa na wakati. Utomvu mweupe wa fikasi nao huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Lakini unaotisha zaidi ni waridi la jangwani, lile lenye shina nono na maua ya waridi, linalopendwa mno na watengenezaji wa bonsai. Utomvu wake ni sumu ya moyo, na katika sehemu kadhaa za Afrika ulipakwa kwenye mishale. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haifai kuwa nao. Mtoto akiutafuna, anaweza kutapika na mapigo ya moyo yakapungua au kwenda ovyo. Usimpe maziwa wala kumlazimisha kutapika. Mpangushe mdomo, ukimbie naye hospitalini, na ubebe tawi la mti huo ili daktari ajue anapambana na nini.